Mbwa Aliyeitikia Salamu

Kabla ya kumjua mtu mwenyewe, nililijua kopo lake. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limejazwa udongo mkavu uliochekechwa, limewekwa juu ya ukuta karibu na bomba la nje. Siku yangu ya kwanza kazini kule Galu nililitupa nikidhani ni takataka. Saa tatu asubuhi mwenyewe akaja, akamfundisha mbwa wa nyumba ile, akamaliza, akaenda kunawa, kopo halipo. Hakugomba. Alisimama bombani ameiinua mikono mbali na nguo zake, akaniuliza kama mimi ni Mwislamu. Nikamwambia ndiyo. Akauliza, basi mtu akiguswa na mate ya mbwa hujitwahirisha vipi. Nikajibu kama nilivyofundishwa chuo cha Kurani: mara saba, moja kwa udongo.

"Basi udongo wangu uko wapi, mwanangu?"

Nilikwenda kuutafuta jaani mbele ya macho yake, na ndivyo tulivyojuana.

Wote tulimwita Mwalimu. Waliopenda kumtania walimwita Ustadhi wa Mbwa, nyuma ya mgongo wake, na wachache wasio na haya mbele ya uso wake. Alizaliwa wapi na kwa nani, hayo waulizwe watu wake. Mimi nitasema niliyoyaona, na sitayasema kwa mpangilio, kwa sababu hayanijii kwa mpangilio. Mengine hunijia nikikuna nazi. Mengine hunijia mtu akipiga hodi, na hapo huwa sifungui upesi.

Nilikuwa mpishi katika nyumba ya mama mmoja wa Kizungu, mjane mstaafu, tukimwita Madam. Nyumba ilikuwa na ukuta wa mawe ya matumbawe, bustani kubwa, na tumbili walioona kila embe ni lao. Madam alimpenda mbwa kuliko alivyopenda chakula changu, na chakula changu alikipenda. Mbwa akaitwa Kahawa. Wazungu wa pwani yetu huwapa mbwa majina ya vitu vya jikoni, sijui kwa nini. Ng'ambo ya pili ya ukuta alikuwako Tangawizi, na mbele kidogo kaka yake, Chapati.

Kahawa aliletwa na Mwalimu mwenyewe kutoka nyika ya Taru, kwa wachungaji, akiwa mdogo wa kutosha kulala kikapuni. Mwalimu hakuwa na imani na mbwa wa kununuliwa Nairobi wenye vyeti. Alisema mbwa wa Taru ameiona njaa na amemsikia fisi, kwa hiyo anajua maana ya kuambiwa jambo. Nilimwuliza mbona basi watoto wetu wameiona njaa na hawasikii. Alicheka mpaka akakohoa.

Mimi mbwa nilimwogopa. Niseme kweli, nilimwogopa na nilimchukia, na sababu ilikuwa moja: mate. Ukifanya kazi ndani ya nyumba yenye mbwa, kila saa unahesabu. Amegusa leso? Amelamba sakafu niliyoikanyaga na mguu wenye maji? Sala ya adhuhuri itaswihi? Mpishi aliyenitangulia aliacha kazi kwa ajili hiyo, na aliyemtangulia yeye pia. Madam alidhani watu weusi wanaogopa kuumwa. Miaka yote hakuna aliyemweleza kwamba meno hayakutusumbua sana.

Mwalimu ndiye aliyelielewa hilo, na hapo ndipo alipokuwa tofauti na wafundishaji wengine niliowaona Diani. Wao walimfundisha mbwa kumfurahisha mwenye mbwa: kutoa mkono, kuokota mpira, kujibingirisha mbele ya wageni. Yeye alianza na sisi. Wiki ya kwanza alipita na mimi na mlinzi na mtunza bustani, akamwuliza kila mmoja mbwa asifanye nini. Nikamwambia asiingie jikoni, asinilambe, asisogelee msala wangu wa kusalia. Aliyashika yote kichwani, akayafundisha moja moja. Baada ya mwezi Kahawa alikuwa akifika kizingiti cha jikoni anakaa chini, hata nyama iwe imeanguka sakafuni. Nilipotandika msala barazani, aliondoka mwenyewe akaenda upande wa pili wa nyumba. Nilikuwa nikimaliza sala namkuta kule amekaa ananingoja, na siku moja nikajikuta nimemshukuru kwa sauti.

Hakupiga, wala hakupaza sauti. Alikuwa na vipande vya ng'onda, samaki mkavu, kwenye kifuko kiunoni, na neno moja kwa jambo moja. Kaa. Ngoja. Acha. Njoo. Amka. Madam alitaka amri ziwe za Kiingereza. Mwalimu akamwambia kwa adabu, kwa kupitia mimi, kwamba kila mwaka Madam hukaa Ulaya miezi mitano, na katika miezi hiyo mbwa huishi na watu wasemao Kiswahili. Madam akafikiri, akakubali. Hata yeye akajifunza kusema "acha" kwa lafudhi ya kuchekesha, na Kahawa akamwelewa.

Maneno yake mengine bado ninayo. Alisema mbwa husikia mara moja, ni wewe unayesema mara tatu. Alisema samaki hukunjwa angali mbichi, lakini mbwa hata mzee hukunjika, anayekauka mapema ni binadamu. Walipomwambia msikitini kwamba kazi yake ni ya najisi, alijibu kwamba najisi ya mbwa iko mateni na huoshwa kwa maji na udongo, na kwamba ziko najisi nyingine ambazo hajui huoshwa kwa nini. Majibu kama hayo hayamwongezei mtu marafiki. Palikuwa na wazee waliosogea kidogo safuni alipoingia, ingawa alikuwa ameoga, amebadili nguo, na kanzu yake ni nyeupe kuliko za kwao. Aliyaona hayo, akayanyamazia, lakini yalimuuma. Najua yalimuuma kwa sababu siku za Ijumaa alifundisha kwa haraka na alikuwa mkali kwetu.

Maana kwa watu hakuwa na subira hata chembe. Mwalimu huyo huyo aliyeweza kukaa saa nzima akingoja mbwa aamue mwenyewe kukaa, alimkatisha mtu neno la pili. Aligombana na wanawe, na wote wawili walihamia Mombasa. Nyumbani kwake Msambweni hakufuga mbwa, kwa kuwa mkewe alisema siku mbwa atakapoingia yeye atatoka. Na alimwogopa bata bukini. Nyumba ya jirani walifuga bukini watatu, na mtu huyu niliyemwona akimtuliza mbwa mkubwa mwenye povu mdomoni, aliruka juu ya boneti ya gari bukini walipomjia na shingo zao. Mlinzi wetu alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini.

Mlinzi wetu nimwelezee, kwa sababu bila yeye haya yote ni porojo tu. Alikuwa mtu mfupi, mpole, wa Msambweni, jirani ya Mwalimu tangu utotoni. Mwalimu ndiye aliyemtafutia kazi ile. Alipenda redio na alipenda kufuma kofia, na aliniwekea dafu kila Jumamosi bila ya kuniambia, nikilikuta tu mlangoni mwa jikoni. Alikuwa na mke na binti wawili. Kila asubuhi akimaliza zamu alimuaga Kahawa kwa maneno marefu utadhani anamuaga mtu.

Sasa nije kwenye salamu.

Nyuma ya ukuta wetu ilipita njia ya watu waendao msikitini. Alfajiri, wazee wakipita na tochi zao, Kahawa aliwabwekea kwa hasira zote za Taru, na Tangawizi na Chapati wakaitikia. Mzee mmoja alishtuka akaanguka, akavunjika mkono. Vijana wakasema wataweka sumu. Likaitishwa baraza kwa chifu, na Madam akaambiwa ampeleke mbwa mbali au amfunge kinywa. Madam akalia. Mwalimu, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akasimama akaomba apewe wiki mbili.

Wazo lake lilikuwa hili. Wapitao njia ile kwenda kusali ni watu wa salamu. Basi kila apitaye atoe salamu, na mbwa afundishwe kwamba asikiapo salamu, alale chini, anyamaze, mpaka mtu wa nyumba amwambie "amka". Kila alfajiri kwa siku kumi na nne Mwalimu alikuwa ndani ya ukuta na kifuko chake, na wazee wakipita nje wakisema "Asalaam aleikum," kwanza kwa kunung'unika, halafu kwa kucheka. Siku ya tisa Kahawa alilala. Siku ya kumi na nne alilala hata kwa sauti ya mtoto, hata ukiwa umesimama mbele yake, hata ndani ya uwanja.

Sijapata kumwona mtu akifurahi vile. Ijumaa iliyofuata, yule mzee aliyevunjika mkono alimshika Mwalimu kwa mkono wake mzima, akamweka ubavuni pake safuni. Mwalimu alinisimulia mara tatu, yeye asiyesema kitu mara mbili. Na siku hiyo hiyo alituketisha wafanyakazi wote akatuonya. Alisema mbwa wa ulinzi ana siri yake, na siri hiyo isivuke geti. Wa msikitini wanajua kwamba mbwa hunyamaza wao wakipita nje, na inatosha. Wasijue kwamba hulala hata kwa mgeni aliye ndani. Alisema hilo atalirekebisha, atamfundisha kutofautisha aliye nje na aliye ndani, apewe muda. Sote tukasema sawa, na mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wahenga husema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine.

Ukunda, karibu na stendi, palikuwa na mama mmoja mkaanga viazi karai, nami nilipita kwake kila jioni nikitoka kazini. Pale nilikuwa na jina, kwa sababu nilijua kusimulia. Jioni moja nikasimulia kisa cha mbwa wetu Mwislamu. Nikamwigiza akilala, nikawaigiza wazee, watu wakashika mbavu. Palikuwa na kijana mmoja, shati safi, anakula taratibu. Yeye alitabasamu tu. Kisha akaniuliza kwa heshima kabisa:

"Na mgeni je, dada? Asiyemjua, aliye ndani ya geti?"

Nikamjibu, "Hata shetani akimtolea salamu, Kahawa atalala."

Walicheka sana. Na mimi nilicheka. Yule kijana alilipia viazi vyangu, akaaga, na sikumwona tena.

Siku kumi na tano baadaye, Madam akiwa Ulaya, nilifika kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikakuta geti limerudishwa tu. Majirani walisema baadaye kwamba walisikia salamu wakati wa watu kwenda sala ya alfajiri, sauti za upole, na hawakusikia mbwa. Mlinzi bila shaka aliwaona watu wa kanzu na kofia, akamwona na mbwa amelala, akafungua. Nani asingefungua? Nyumba ilikuwa imekombwa, lakini nyumba sikuiona hata kidogo. Nilimwona mlinzi wetu amelala kando ya bomba, kichwa kimefunguka, bado anapumua. Hatua tatu kutoka kwake alikuwa Kahawa, amelala chini kama alivyofundishwa, masikio wima, anatetemeka mwili mzima, analia kwa sauti ndogo ya puani. Hakuna aliyemwambia aamke. Tangu alfajiri alikuwa akimtazama mtu wake akitoka damu na hakuinuka.

Nami sikumwambia. Nilipiga kelele, nikapiga simu, nikamshika mlinzi mkono, na neno lile moja halikunitoka. Mwalimu alipofika kwa bodaboda, rafiki yake alikuwa amekwisha kuchukuliwa na gari. Alisimama mbele ya mbwa. Akasema "amka" kwa sauti ya kawaida. Kahawa akamjia kwa tumbo, akamlamba mikono, akamlamba uso, na Mwalimu akamwachia, akamkumbatia pale chini kwenye damu. Akatoka getini vile vile alivyo, bila ya kunawa.

Mlinzi wetu alikufa siku ya tatu. Polisi walituhoji sote. Waliniuliza kama nilimwona mtu wa kutiliwa shaka, nikasema hapana. Waliniuliza kama nilimweleza yeyote habari za mbwa, nikasema njia nzima ilikuwa inajua. Ilikuwa kweli, na nimeilalia kweli hiyo miaka tisa, na haijawahi kunipa usingizi. Wezi wangeweza kusikia kwa yeyote. Lakini mimi ninalijua swali nililoulizwa, na ninalijua jibu nililotoa.

Mwalimu aliubeba mzigo wote. Mazishini alisimama mbele ya watu akasema, "Nilimfundisha mbwa maneno, sikumfundisha kuwajua watu. Damu hii ni yangu." Mke wa marehemu alimtupia mchanga. Wale wazee wakasogea tena safuni, na safari hii alihamia safu ya nyuma mwenyewe. Mimi nilikuwa pale, katikati ya wanawake, nimejifunika kanga mpaka machoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema.

Akajaribu kumsahaulisha Kahawa salamu. Miezi mitatu alijaribu, akashindwa. Aliniambia kumfundisha mbwa ni kazi ya wiki mbili, kumsahaulisha ni kazi ya Mungu. Mwishowe akamrudisha Taru kwa wachungaji wale wale, mbwa akabaki huko na mbuzi. Kazi ya mbwa hakuifanya tena. Madam akauza nyumba, nami nikapata kazi ya jiko la hoteli, na kwa miaka hiyo yote nilipokuwa nikipita Msambweni niligeuza uso upande wa bahari.

Nilikwenda kwake mwaka jana, baada ya kusikia kwamba anaumwa na miguu. Nilijiambia nakwenda kumjulia hali. Nilimkuta amekaa uani juu ya mkeka, anashona makuti, vidole bado vyepesi, uso umekonda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

Sikuuliza nimechelewa nini. Nilikaa. Tulizungumza juu ya miguu, juu ya bei ya makuti, juu ya Madam ambaye tulisikia kafa. Mkewe alileta chai akaondoka. Ndipo nikasema. Nilimweleza habari za viazi karai, na za yule kijana wa shati safi, swali lake na jibu langu, neno kwa neno. Alikuwa akishona nilipoanza na alikuwa akishona nilipomaliza. Aliuliza jambo moja tu, ilikuwa siku ngapi kabla. Nikamwambia kumi na tano. Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali hesabu.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Tangu mazishi, kila Ijumaa baada ya sala, alikuwa akienda nyumbani kwa mjane wa mlinzi wetu kuomba radhi. Mwaka wa kwanza alifukuzwa mlangoni. Mwaka wa pili mjane alimwacha asimame uani bila ya kumsemesha. Mwaka wa nne akampa kiti. Mwaka wa sita, binti mkubwa akiwa anaolewa, mjane akamwambia amemsamehe, kwa ajili ya Mungu, asije tena na machozi, aje na habari. Akasema siku hiyo alilia njia nzima kurudi, watu wakidhani amefiwa.

"Miaka sita," alisema. "Kumbe nilikuwa naomba msamaha na wako."

"Nisamehe, Mwalimu."

Aliweka kuti chini. "Iliyo yangu nimekusamehe. Ile nyingine si yangu. Haki ya mja husamehewa na mwenyewe, na akiwa hayupo, na watu wake. Msamaha nilioupata mimi ningeweza kukugawia, wallahi ningekugawia nusu. Haugawanyiki."

"Utamwambia?"

"Si la kwangu kusema. Nyumba yake ile pale, nyuma ya skuli, mlango wa buluu. Saa hizi yupo. Nenda kabla ya alasiri."

Nikamwomba anisindikize. Nilimwomba mara mbili, sina haya kulisema. Akasema yeye alikwenda peke yake.

Lakini alinyanyuka, kwa shida, akashika fimbo, akanitoa mpaka barabarani. Mkono wa kulia ilikuwa njia ya skuli. Mkono wa kushoto ilikuwa barabara ya lami na stendi. Niliubusu mkono wake, nikamwambia nakwenda sasa hivi kwa mjane. Akasema, "Mungu akupe nguvu." Nikashika njia ya skuli, nikaenda hatua kama thelathini, mpaka nikauona ule mlango, umefunguliwa, na leso zimeanikwa. Nikasimama. Kisha nikageuka, nikapita tena pale pale mbele yake, kichwa chini, nikielekea stendi. Alikuwa bado amesimama. Nilisubiri aniite. Hakuniita.

Mwalimu alifariki mwezi wa Rajabu. Nilikwenda maziko, na mjane alikuwako, amekaa karibu na mkewe Mwalimu, amemshika mkono. Tulipokuwa tunaondoka alinitazama, akanisogezea kikombe cha kahawa, akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja zamani. Akasema marehemu alikuwa mtu mwema, na alibeba kosa lake kiume.

Nikanywa ile kahawa, nikamwambia ni kweli.